Waya wa spika: wa duka la umeme, wa duka la redio, au wa bei ya kutisha?

Nyaya za mziki zile pesa kiasi gani? Nianze na jibu, maelezo yafuate. Kwenye mziki wa sebuleni, nyaya zote kwa pamoja zisile zaidi ya shilingi tano katika kila mia utakayotumia. Mwenye milioni moja ya amplifaya na spika mbili, elfu hamsini ya nyaya inamtosha, na kwa chumba cha kawaida huenda akarudi na chenji. Hiyo ni kwa anayenunua kwa mita na kukijua anachokatiwa. Asiyejua anaweza kuitumia elfu hamsini hiyohiyo akatoka dukani na waya mbaya kuliko wa nusu ya bei.

Tabu ya bidhaa hii ni kwamba haionjeki. Spika utaisikiliza palepale, amplifaya utaiwasha, lakini waya utautazama tu. Kwa hiyo kinachouzwa ni sura: plastiki nene inayoonyesha ndani, nyuzi zinazong'aa, pini za rangi ya dhahabu, boksi lenye maneno makubwa. Ukipita maduka ya vifaa vya muziki Kariakoo, au Luthuli Avenue kule Nairobi, hukosi muuzaji wa kukuwekea mkononi waya wa unene wa kidole na kukuapia kwamba huu ndio unaotoa besi. Muulize ndani kuna nini. Wengi wataishia hapo.

Nyaya tatu za spika

Wa kwanza ni waya wa umeme wa kawaida, ule laini wa nyuzi nyingi ambao mafundi wanatengenezea extension. Unapatikana duka lolote la vifaa vya umeme, unakatwa kwa mita, na vipimo vyake fundi yeyote anavijua: moja na nusu, mbili na nusu, yaani milimita za mraba za shaba iliyomo. Viwanda vya kwetu vinautengeneza. Africab ya Dar es Salaam na East African Cables ya Nairobi ni majina ambayo fundi umeme hahitaji kuelezwa. Usichukue ule mgumu wa kupitisha ukutani, wa nyuzi saba au wa kipande kimoja. Umeme utapita vizuri tu, lakini haukunjiki nyuma ya kabati, na kwenye klipu za spika unasumbua.

Wa pili ni ule unaouzwa kwa jina la waya wa spika: mwekundu na mweusi vilivyoshikana, au wa plastiki angavu wenye upande mmoja wa shaba na mwingine wa fedha. Huu ndio watu wengi wanaununua, na ndio wenye mtego.

Wa tatu huja kwenye boksi lake, umekatwa tayari, umevishwa wavu wa nailoni na kufungwa pini nzito. Bei yake inaweza kulingana na ya spika unazokwenda kuzifunga, wakati mwingine ikazipita.

Ili kuzilinganisha kwa haki, kumbuka kazi yenyewe. Waya unachukua umeme kutoka kwenye amplifaya, unaupeleka kwenye spika na kuurudisha. Kila waya una ukinzani wake, yaani kiasi unavyouzuia umeme kupita, na ukinzani huo unategemea urefu, unene na madini yaliyomo. Spika nayo ina wake, unaopimwa kwa omu: nyuma yake kumeandikwa omu 8, 6 au 4. Namba ikiwa ndogo, waya unatakiwa uwe mnene zaidi. Kanuni wanayoifuata mafundi wengi wa sauti ni kwamba ukinzani wa waya, kwenda na kurudi, usizidi asilimia tano ya namba hiyo. Nimeikokotoa kanuni hiyo nikapata urefu wa juu kabisa kwa kila unene, kutoka amplifaya hadi spika:

| Unene (milimita za mraba) | Shaba, spika ya omu 8 | Shaba, spika ya omu 4 | Aluminiamu iliyopakwa shaba, spika ya omu 4 |
|---|---|---|---|
| 0.75 | mita 8 | mita 4 | mita 2.5 |
| 1.5 | mita 17 | mita 8 | mita 5 |
| 2.5 | mita 29 | mita 14 | mita 9 |

Itazame safu ya katikati. Sebule nyingi zetu hazihitaji zaidi ya mita tano kwa kila spika. Waya wa moja na nusu wa shaba unamaliza kazi hiyo hata kwa spika ngumu ya omu 4, na wa mbili na nusu ni ziada ya kujipa amani. Ukiupita huo, unalipia uzito.

Mtego wenyewe

Safu ya mwisho ya jedwali ndiyo iliyonifanya niandike. Nyaya nyingi nyekundu-na-nyeusi sokoni si za shaba. Ni aluminiamu iliyopakwa ngozi nyembamba ya shaba, na kwenye roli za wauzaji waaminifu imeandikwa CCA. Kwa unene uleule, ukinzani wake unazidi wa shaba kwa zaidi ya nusu. Waya wa CCA wa moja na nusu unafanya kazi ya waya wa shaba usiofika hata moja.

Kuutambua hakuhitaji kipimo cha maabara. Omba kipande cha sentimita tatu, chuna plastiki, chomoa uzi mmoja tu. Ulaze juu ya kaunta, uukwaruze kwa wembe, kisha uelekeze kwenye mwanga. Shaba halisi ni nyekundu mpaka ndani, hata ukwaruze mara kumi. Aluminiamu inatoa mstari mweupe mara ya kwanza tu. Angalia pia ncha ilipokatwa: katikati kuna doa jeupe lenye pete nyekundu pembeni. Usichanganye na shaba iliyopakwa bati, ambayo ni kinyume chake, nje nyeupe ndani nyekundu. Hiyo ni nzuri sana, hasa kwa wa pwani. Uzito nao unasema: roli ya CCA ni nyepesi kiasi kwamba ukizibeba zote mbili, moja kila mkono, hutauliza tena.

Madhara yake ni haya. Chukua waya mwembamba wa CCA wa nusu milimita ya mraba, aina inayokuja bure na spika za bei nafuu, uuvute mita kumi mpaka kwenye spika ya omu 4. Ukinzani wake unapita omu 1. Zaidi ya asilimia ishirini ya nguvu inaishia kwenye waya, na sauti inashuka kama desibeli mbili, kiasi ambacho sikio linakisikia. Tena haishuki sawasawa, kwa kuwa omu za spika zenyewe hupanda na kushuka kulingana na noti, hivyo waya mbovu unabadilisha hata uwiano wa sauti. Hapa ndipo mtu anaposema spika alizonunua "hazina kitu", akaenda kutafuta sabufa ya kuongezea.

Kwa wanaoishi Tanga, Lindi, Unguja au Mombasa kuna la ziada. Hewa ya chumvi inaila aluminiamu pale ngozi ya shaba ilipokatika, yaani penye ncha, palepale inaposhikana na klipu. Shaba nayo inaota kijani, lakini ukiikata sentimita moja na kuichuna upya umerudi mwanzo. Nyuzi za CCA zilizoliwa hukatika ukizigusa.

Sisemi CCA ni haramu. Ukiuziwa kwa jina lake na kwa bei yake, kwa spika ya omu 8 iliyo mita mbili kutoka kwenye amplifaya, chukua wa mbili na nusu na usiwaze. Kisichokubalika ni kulipa bei ya shaba.

Na ule wa bei ya kutisha?

Biashara ya nyaya ghali ilishika kasi Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970, Noel Lee alipoanzisha Monster Cable. Kabla ya hapo watu walifunga spika kwa waya wa taa. Kwa haki yake, Lee alikuwa na hoja: nyaya za wakati ule mara nyingi zilikuwa nyembamba mno kwa kazi hiyo. Unene uliongeza kitu. Vilivyokuja baadaye, kila aina ya msuko, fedha tupu na ngozi za kila namna, ndivyo ninavyovitilia shaka.

Tuchukue madini. Fedha inapitisha umeme kuliko shaba kwa takriban asilimia sita tu. Kuongeza unene wa shaba kidogo kunakupa zaidi ya hapo kwa senti. Kuna pia ile shaba "isiyo na oksijeni", inayoandikwa OFC. Ni safi kweli, lakini dhidi ya shaba ya kawaida ya nyaya za umeme inazidi kupitisha kwa karibu asilimia moja. Faida yangu kwenye herufi hizo ni nyingine kabisa: zikiwa za kweli, maana yake ndani hakuna aluminiamu.

Masikio nayo yamepimwa. Mwaka 1983 jarida la Stereo Review la Marekani lilichapisha jaribio lililolinganisha waya wa Monster, waya wa taa na waya mwembamba sana, wasikilizaji wasijue upi unapigwa. Mwembamba ulitambulika kwenye mvumo wa majaribio, kwa kuwa ulipunguza sauti. Kwenye muziki, waya wa bei na waya wa taa havikutenganishwa. Mwaka 2007 James Randi, mwanamazingaombwe aliyegeuka mfichuzi wa madai ya ajabu, aliweka mezani dola milioni moja kwa atakayetofautisha kwa masikio tu waya wa Pear Anjou, uliouzwa dola 7,250 kwa jozi ya futi 12, na waya wa Monster. Jaribio lenyewe halikufanyika.

Sitamcheka anayependa vitu vizuri. Waya uliosukwa vizuri unapendeza nyuma ya kabati la mninga, na pini nzito zinashika. Mwenye spika za milioni ishirini akitaka nyaya za laki tano, ni pesa yake na ni mapambo yake. Lakini mwenye milioni moja akitoa laki mbili kwenye spika ili aziweke kwenye waya, nitamzuia mlangoni. Laki mbili kwenye spika utazisikia siku hiyohiyo.

Pesa kidogo inaposaidia kweli

Nyaya za pini za RCA, zile nyekundu na nyeupe zinazotoka kwenye deki, televisheni au kompyuta kwenda kwenye amplifaya, zina hesabu nyingine. Hapa umeme ni kidogo sana na ukinzani hauna uzito. Adui ni kelele kutoka nje. Kinachotakiwa ni wavu wa shaba uliozunguka waya wa kati bila mapengo, na pini inayobana. Ule wa bure wa kwenye boksi mara nyingi una nyuzi chache za pembeni zilizoviringishwa kivivu, na pini inayolegea baada ya miezi. Utikise mziki ukiwa umewashwa: ukikwaruza au upande mmoja ukikata, badilisha. Wa bei ya kati, wenye pini ya chuma badala ya plastiki, unatosha. Kupanda zaidi ya hapo sioni sababu, labda urefu ukiwa mkubwa, kama waya wa kwenda kwenye sabufa iliyo upande wa pili wa chumba. Wenye kupiga santuri wahakikishe waya ni mfupi, kwa sababu sindano inatoa milivolti chache tu na urefu unabadilisha sauti zake za juu.

Kuna mngurumo mmoja ambao hakuna RCA ya bei yoyote itakayouondoa. Umefunga kila kitu vizuri, ukawasha televisheni yenye waya wa dishi, spika zinaanza kuvuma "mmmm" hata sauti ikiwa chini. Hiyo ni njia ya eathi iliyozunguka kupitia vifaa viwili vilivyochomekwa soketi tofauti. Chomoa waya wa dishi kwanza usikilize. Mvumo ukinyamaza, umempata mhalifu. Chomeka vifaa vyote kwenye extension moja. Ikishindikana, kuna vifaa vidogo vya transfoma vya kukata mzunguko huo kwenye waya wa dishi au wa RCA. Usikubali fundi akuondolee pini ya eathi kwenye plagi. Mvumo utaisha, na siku moja kabati la amplifaya litakurusha.

Ncha za waya wa spika nazo zinastahili dakika zako. Uzi mmoja uliochomoza kutoka upande mwekundu ukagusa mweusi unaweza kuua amplifaya. Zikaze kwa kuzisokota, au nunua pini za banana za kufunga kwa skrubu. Kisha hakikisha nyekundu imekwenda kwa nyekundu kwenye spika zote mbili. Spika moja ikigeuzwa, besi inapotea katikati ya chumba na hutajua imekwenda wapi. Kama waya hauna rangi, chukua betri ya volti moja na nusu, gusisha kwenye ncha mbili za upande wa amplifaya, ukiwa umezichomoa kwanza, na umwombe mtu aangalie koni. Ikiruka mbele, ncha iliyogusa chanya ndiyo nyekundu. Sijaona waya wa bei yoyote ulioongeza besi kama kurekebisha kosa hilo.

Za kidijitali na za ukutani

Hapa sitakaa. HDMI na waya wa mwanga (optical) hupeleka namba, na namba zikifika zote, sauti ni ileile kwa waya wa bei rahisi na wa bei ghali. Zisipofika, sauti inakatika au inapotea kabisa. Haiwezi kuwa "nyepesi" wala "baridi". Kwa spika ndefu ya chini ya televisheni, waya wa HDMI ulioandikwa High Speed with Ethernet unatosha, hata kwa ARC na eARC, zile njia za HDMI za kurudisha sauti kutoka kwenye televisheni. Ule wa Ultra High Speed ununue kwa ajili ya picha, kama una televisheni na mashine ya gemu zinazoudai. Waya wa mwanga usiukunje kona kali, na kabla ya kulalamika kwamba haufanyi kazi, toa vile vifuniko vidogo vya plastiki kwenye ncha. Havionekani vizuri na vimeshawarudisha wengi dukani.

Waya wa umeme wa ukutani wa bei kubwa? Hapana. Umeme umesafiri kilomita nyingi kwenye nguzo na kupita nyaya za ndani ya ukuta kabla ya kuifikia ile mita moja na nusu ya mwisho. Pesa hiyo inunulie kifaa cha kulinda umeme unapopanda na kushuka, na eathi ya nyumba ipimwe. Amplifaya iliyoungua haina ubora wa sauti.

Kwa mfuko gani, ununue nini

Mwenye sabufa ya seti moja, ile ya spika ndogo mbili na boksi la besi, asinunue waya wowote. Nyaya zake zimeshatosheleza nguvu zake. Ukitaka kuzisogeza mbali, ongeza waya wa shaba wa moja na nusu, na maungio yachomelewe kwa risasi badala ya kusokotwa na kufungwa tepu.

Anayesikiliza kutoka kwenye simu asiende mbali. Kama simu haina tundu la jeki, ile adapta ndogo ya USB-C ndiyo inayogeuza namba kuwa sauti, na hapo tofauti ya nzuri na mbovu inasikika. Ukitoa elfu kumi kwenye waya ukaiongeza kwenye adapta, umefanya biashara.

Mwenye amplifaya na spika mbili, chumba cha mita nne kwa tano: mita kumi na mbili za waya laini wa shaba wa moja na nusu kutoka duka la umeme, RCA moja ya bei ya kati, pini nne za banana akitaka. Basi. Mwenye spika za omu 4 au chumba kirefu apande hadi mbili na nusu. Rangi ya waya wa umeme haipendezi, najua, na wa nyumbani watasema. Unaweza kuupitisha nyuma ya zulia.

Mmoja tu ndiye namshauri atumie zaidi bila kusita: anayejenga. Waya unaofukiwa ukutani hautaubadilisha bila kubomoa, kwa hiyo weka mbili na nusu ya shaba, iliyopakwa bati kama uko pwani, hata kama hesabu inasema moja na nusu inatosha. Uipitishe kwenye paipu yake peke yake, mbali na paipu ya nyaya za umeme, na ndani yake mwambie fundi aache kamba ya kuvutia waya mwingine. Mlangoni pa kila boksi aache nusu mita ya ziada, imeviringishwa, kabla hajapiga lipu.